Nani anayeichungulia simu yako? Mamlaka ya ujasusi na imani ya wananchi Embu na Meru

MNAMO Desemba 21, 2024, siku nne kabla ya Krismasi, kijana wa umri wa miaka 24 alichukuliwa kutoka kwa kinyozi mjini Embu na wanaume ambao hawakujitambulisha, akatiwa ndani ya gari na kutoweka. Kabla ya hapo, picha iliyoundwa kwa kompyuta ikimwonyesha Rais William Ruto akiwa ndani ya jeneza ilikuwa imesambazwa kupitia akaunti ya mtandaoni iliyohusishwa naye. Wakazi wa Embu waliingia barabarani kudai arejeshwe. Januari 6, 2025, alirudi nyumbani akiwa hai, siku moja na vijana wengine kadhaa waliokuwa wametoweka kwa njia sawa na hiyo.

Inspekta Jenerali wa Polisi, Bw Douglas Kanja, alikuwa amekanusha kwamba maafisa wake walihusika. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo ilitangaza mwishoni mwa Desemba kwamba visa 82 vya utekaji nyara vilikuwa vimeripotiwa tangu Juni mwaka huo, na kwamba watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko.

Mbali na swali la nani aliyemchukua kijana huyo, palizuka jingine ambalo liliendelea kuulizwa katika matatu za kutoka Embu kwenda Meru hata baada ya yeye kupatikana: je, serikali yaweza kujua mimi niko wapi, nimempigia nani na nimeandika nini, na ni nani aliyeipa ruhusa hiyo? Kisa cha Embu ni cha wapelelezi na mahakama kukifumbua. Lakini swali la pili lina majibu katika sheria zilizochapishwa na katika hukumu zilizosomwa hadharani, na raia anastahili kuyajua.

Kwanza, yapo mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni maneno yenyewe: yale unayoyasema katika simu au kuyaandika katika ujumbe. La pili ni kumbukumbu za mawasiliano: nambari uliyoipigia, saa uliyopiga, muda mliozungumza, na mlingoti wa mawasiliano ulioihudumia simu yako wakati huo. Kampuni za simu hazina haja ya kuyasikiliza mazungumzo yako ili zikutoze pesa, ila huwa zinaziweka kumbukumbu hizo. Na tangu usajili wa laini za simu ulipofanywa kuwa wa lazima, kila nambari imefungamana na jina na kitambulisho cha mwenyewe. Pesa zinazotumwa kwa simu huacha alama iliyo wazi zaidi, kwa kuwa huonyesha pia kiasi na mpokeaji.

Watu hudhani kwamba maneno ndiyo siri kubwa, ilhali mara nyingi kumbukumbu ndizo zinazosema mengi. Katika mji kama Embu au Meru, ambako milingoti imekaribiana, kumbukumbu zaweza kukaribia mtaa aliomo mtu. Kule nyanda za chini za Mbeere, ambako mlingoti mmoja huhudumia eneo pana, huonyesha sehemu kubwa tu. Zikikusanywa za miezi sita, zitaonyesha unakolala, unakosali, unakofanya kazi na yule unayempigia usiku wa manane.

Aidha, kumbukumbu hizo hazijielezi. Mchukue mfanyabiashara wa miraa wa Maua, katika Kaunti ya Meru. Zao lake ni lazima lifike likiwa bichi, kwa hiyo hupiga simu usiku na alfajiri, huongea na madereva, mawakala wa Eastleigh na wanunuzi walio Mogadishu. Hupokea pesa kutoka kwa watu kadhaa na kuzigawa kwa wavunaji siku hiyo hiyo. Somalia ilipopiga marufuku miraa kutoka Kenya mnamo Machi 2020, na hata ilipoifungulia tena mlango Julai 2022, simu kati ya Igembe na nchi hiyo zilikuwa za kulilia soko. Katika karatasi ya mpelelezi asiyeijua biashara hiyo, mwenendo huo huo waweza kufanana na wa mtu anayefadhili uhalifu. Ndiyo maana sheria inataka pawe na mtu wa tatu, hakimu au jaji, wa kuuliza maswali kabla ya karatasi hiyo kufunguliwa.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja wazi kwamba faragha ya mawasiliano yake isiingiliwe. Si haki isiyo na mipaka. Kifungu cha 24 kinaruhusu ipunguzwe, mradi iwe kwa sheria, kwa sababu ya kuridhisha, na kwa kiasi kisichozidi haja iliyopo. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Ujasusi, NIS, ya mwaka 2012 inaitumia nafasi hiyo. Sehemu yake ya 36 inaruhusu mawasiliano ya mtu anayeshukiwa kufanya kosa kuchunguzwa na kufuatiliwa, lakini kwa kibali.

Mabadiliko makubwa yalikuja Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi Mandera, wakati Bunge lilipopitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama katika kikao kilichojaa vurugu. Miongoni mwa mengine, iliingiza katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi sehemu ya 36A, inayovipa vyombo vya usalama wa taifa uwezo wa kunasa mawasiliano kwa ajili ya kugundua na kuzuia ugaidi. Muungano wa upinzani wa wakati huo, CORD, ulikwenda kortini. Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vipengele vinane vya sheria hiyo. Sehemu ya kunasa mawasiliano haikuwa miongoni mwavyo. Majaji walisema ni kizuizi cha haki ya faragha kinachoweza kuhalalishwa kutokana na hatari iliyokuwapo. Basi anayedai kwamba serikali haina ruhusa yoyote ya kusikiliza simu anapotosha, sawa na yule anayedai kwamba inaweza kumsikiliza yeyote ipendavyo.

Kuna hoja nzito ya upande wa serikali, na si haki kuipuuza. Shambulio la Westgate la Septemba 2013 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, yaliacha misiba katika nyumba za kila pembe ya nchi. Mnamo Juni 2025, wanaume wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia magaidi walioshambulia jumba la Dusit jijini Nairobi mnamo Januari 2019, na alama za fedha zilizotumwa zilikuwa sehemu ya kesi hiyo. Hapa Meru, mwanablogu aliyejulikana sana kwa jina la Sniper alitoweka Desemba 2023, na mwili wake ukapatikana katika kaunti jirani ya Tharaka-Nithi. Familia iliyo katika hali hiyo haimwambii mpelelezi aziheshimu kumbukumbu za simu. Humsihi azitafute upesi. Wale wanaoipinga mamlaka hii kwa jumla mara nyingi hawajawahi kumsaka ndugu aliyepotea.

Lakini mamlaka hii haikuanza na simu, na hapo ndipo Embu na Meru zina kumbukumbu ambayo maeneo mengine hayana. Sheria ya kikoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya ajira, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, mzigo ukaongezwa kwa makabila matatu tu: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Hao ndio waliotakiwa kuwa na vitabu vyao vya pasi. Katika msako wa Nairobi ulioanza Aprili 24, 1954, walitengwa na wengine, wakapangwa foleni na kupitishwa mbele ya mashahidi waliofunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho. Watu wa Mlima Kenya waliwaita gakunia. Gakunia alitikisa kichwa tu, na kwa mtikiso huo mtu alipelekwa kizuizini bila kujua ni nani aliyemshtaki wala kwa kosa gani.

Mwaka huo huo watu walianza kuhamishiwa vijiji vilivyozungukwa na mahandaki, chini ya macho ya homugadi. Hata kura ikatiwa katika hesabu: katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kuwaruhusu Waafrika kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, wapiga kura wa makabila hayo matatu walitakiwa kwanza wawe na cheti cha uaminifu. Wameru walipewa vyeti hivyo kwa wingi kuliko Wakikuyu, na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, akamshinda Eliud Mathu katika kiti cha Mkoa wa Kati. Na pamoja na vitabu, vyeti na vizuizi vyote hivyo, Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni bila kukamatwa hadi uhuru ulipopatikana Desemba 1963.

Sikusudii kusema kwamba Kenya ya leo ni koloni. Katiba imebadilika, na mahakama za leo huwakatalia wakubwa mambo ambayo mahakama za 1954 hazikuthubutu kuyagusa. Lakini wazee wa Runyenjes na Nkubu waliolelewa katika vijiji vile hawahitaji kufafanuliwa maana ya kutazamwa na mtu usiyemwona. Kilichowachoma si kuulizwa jina. Ni kwamba aliyeuliza hakuwa na jina, na uamuzi wake haukuwa na mahali pa kukatiwa rufaa.

Ukilishika jambo hilo, utaelewa kwa nini mashauri ya miaka ya karibuni yamekuwa makali. Mnamo 2017, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitaka kuunganisha mtambo wake na mitandao ya kampuni za simu ili, kwa maelezo yake, kunasa simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye sasa ni Seneta wa Busia, alikwenda mahakamani. Jaji John Mativo aliusimamisha mpango huo Aprili 2018 akisema unahatarisha faragha na umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo Aprili 2020.

Suala la nambari ya utambulisho ya simu lilirejea kwa sura nyingine. Kila simu ina nambari ya tarakimu 15 ambayo ni yake pekee. Bonyeza *#06# nawe utaiona. Ukibadilisha laini, nambari hiyo haibadiliki, na kwa hiyo aliye nayo aweza kuifuata simu yenyewe. Mwishoni mwa 2024, Mamlaka ya Mawasiliano na ile ya Utozaji Ushuru, KRA, ziliagiza nambari hizo ziwasilishwe kwa ajili ya kukusanya ushuru kuanzia Januari 1, 2025. Taasisi ya Katiba ilipinga, na Julai 18, 2025, Jaji Chacha Mwita akatangaza maagizo hayo kuwa kinyume cha Katiba. Kukusanya ushuru ni halali. Kuikusanya orodha ya simu zote nchini kwa tangazo tu, bila ulinzi wowote ulioandikwa, ndiko kulikokataliwa.

Huduma Namba ilikumbana na jambo lilo hilo. Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliruhusu usajili huo kwa masharti, lakini wakakataa uchukuaji wa chembechembe za jeni na wa mahali halisi pa makazi. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alisema utoaji wa kadi ulikuwa haramu kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Machifu waliokuwa wamewahimiza watu katika mabaraza wajipange foleni walibaki kueleza jambo ambalo wao wenyewe hawakuelezwa.

Kuhusu kampuni za simu, mnamo Oktoba 2024 gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba polisi walikuwa na njia pana za kufikia kumbukumbu za wateja wa Safaricom. Kampuni hiyo ilikana na kusema hutoa taarifa kwa kufuata sheria na amri za mahakama pekee. Madai na kanusho yote mawili yako mbele ya umma, na msomaji hana chombo cha kuyapimia. Hakuna mahali ambapo mkazi wa Chuka au wa Siakago anaweza kusoma ni maombi mangapi yaliyopelekwa kwa mahakimu mwaka jana, na mangapi yaliyokataliwa.

Nchini Uingereza kamishna huru huchapisha kila mwaka idadi ya vibali vilivyotolewa na makosa yaliyofanyika. Ujerumani, kwa kesi nyingi, humjulisha mtu baadaye kwamba alikuwa akifuatiliwa, hatari ikishapita. Nchi hizo zina majasusi wengi na hazijashindwa kazi kwa sababu ya kuhesabiwa.

Ushahidi kwamba njia ya sheria yaweza kuzibwa hata kwa aliye juu kabisa ulitoka Embu. Bw Justin Muturi, mwanasiasa wa Mbeere aliyewahi kuwa Mbunge wa Siakago na baadaye Spika wa Bunge la Kitaifa, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati mwanawe alipotekwa nyara jijini Nairobi mnamo Juni 2024, maandamano ya vijana yakiwa yamepamba moto. Januari 2025, akiwa Waziri wa Utumishi wa Umma, alijitokeza hadharani na kisha kuandikisha taarifa kwa wapelelezi. Alidai kwamba NIS ndiyo iliyomshikilia mwanawe, na kwamba aliachiliwa baada ya Rais kumpigia simu mkurugenzi wa idara hiyo, Bw Noordin Haji. Machi 2025 alifutwa kazi.

Hebu tulitafakari dai hilo, liwe la kweli au la. Mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria hakusema kwamba alipata amri ya mahakama, wala kwamba alionyeshwa kibali, wala kwamba mwanawe alifikishwa kortini ndani ya saa 24 kama Kifungu cha 49 kinavyotaka. Alisema alisaidiwa na simu ya Rais. Mkulima wa kahawa wa Manyatta au wa Imenti hana nambari hiyo.

Rais mwenyewe, akiwa Homa Bay Desemba 27, 2024, aliahidi kwamba utekaji nyara utakomeshwa, na Mei 2025 akasema wote waliotoweka wamerejeshwa kwa familia zao. Kauli hizo ziliwapoza baadhi ya watu. Wengine ziliwazidishia maswali, kwa sababu anayeahidi kukomesha jambo huonekana kuwa analijua.

Wakati huo huo vifaa vinazidi kuwa vikali. Septemba 2025 wachunguzi wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walieleza kwamba programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY ilipatikana katika simu za watengenezaji filamu wa Kenya waliokuwa wamekamatwa Mei, na kwamba ilitiwa humo simu zikiwa mikononi mwa polisi. Programu kama hiyo haihitaji kampuni ya simu wala mlingoti. Huketi ndani ya simu na kusoma kila kitu, maneno na kumbukumbu pamoja. Oktoba 15, 2025, Rais alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, yaliyopanua makosa ya mtandaoni na mamlaka ya kufunga tovuti. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vyake.

Kwa sasa, mlango ulio karibu zaidi na mwananchi wa kawaida ni Sheria ya Kulinda Data ya Novemba 2019. Inampa kila mtu haki ya kuiuliza kampuni au ofisi yoyote ina taarifa gani zake na inazitumia vipi. Barua ya kawaida yenye jina, nambari ya kitambulisho na ombi lililo wazi inatosha kuanzia. Asipojibiwa anaweza kulalamika bila malipo kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa na sheria kuuchunguza na kuumaliza mgogoro ndani ya siku 90. Wapo waliofanya hivyo dhidi ya wakopeshaji wa mtandaoni na shule zilizochapisha picha za watoto, wakalipwa fidia.

Mwenye kuuliza kuhusu majasusi atakutana na sehemu ya 51 ya sheria hiyo hiyo, inayoondoa data zinazohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Hapo atalazimika kugeukia bodi ya malalamishi iliyowekwa na Sheria ya NIS yenyewe, au Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi iwapo mshukiwa ni afisa wa polisi, au Mahakama Kuu, ambako kesi nyingi zilizotajwa hapa zilianzia na ambako mlalamishi anaweza kufika bila kumjua mtu yeyote Ikulu.